Filme ya Mia na simba mweupe: watoto wetu wanatoka pale na hamu gani?

Wenzangu wa promosyo, leo tuweke kando politike na mishahara, tuongee filme. Wengi wenu mumeisha kuiona nyumbani na watoto: Mia et le lion blanc, ya Mfaransa Gilles de Maistre, iliyotoka mwisho wa mwaka 2018. Mimi nimeiona mara tatu. Mara mbili za mwisho si kwa kupenda kwangu, ni watoto wa nyumbani waliolazimisha. Na kila mara ninabaki na swali lile lile. Filme inasema kwa mdomo kwamba simba si wa kuuza. Sawa. Lakini macho ya mtoto yanaona nini kwa muda wote ule?

Kwa wale ambao bado, hadithi ni fupi. Mia ni mtoto wa miaka 10 na kitu, wazazi wamemtoa London na kumpeleka Afrika Kusini, kwenye shamba la kufuga simba. Amenuna, hataki mtu. Siku ya Noeli anazaliwa simba mweupe, Charlie, na kidogo kidogo wanapendana. Miaka mitatu inapita, Charlie ameisha kuwa dume zima, baba anataka kumuondoa. Mia anagundua kwamba simba wa baba yake wanauzwa kwa mtu anayewaletea matajiri wa kuwapiga risasi. Anatoroka na Charlie kwenda Timbavati, mahali ambapo simba weupe wanaheshimiwa na kulindwa. Basi, hiyo njo filme.

Kuna jambo moja ambalo lazima tuwape sifa, tena sifa kubwa. Walipiga picha kwa muda wa miaka mitatu hivi, ili mtoto na simba wakue pamoja kweli. Binti anayecheza Mia, Daniah De Villiers, alianza mdogo na akamaliza kijana. Unaona uso unarefuka, sauti inabadilika, na simba naye anaota manyoya ya shingo. Yule aliyekuwa analala kitandani kama paka, sasa akiegemea mlango, mlango unalia. Hakuna ujanja wa kompyuta pale. Filme mingi za watoto zinatuambia kwamba muda umepita kwa kuandika tu kwenye ekrani «miaka mitatu baadaye». Hapa unauona kwenye mwili. Kwangu mimi, hii peke yake inatosha kuitazama.

Lakini tuangalie na kile ambacho hakionekani. Aliyewafundisha watoto na simba ni Kevin Richardson, yule Mwafrika Kusini anayejulikana dunia nzima kwa kulala na simba kama na mbwa wake. Wakati wa kupiga picha, ni yeye na watoto waliozoezwa waliokuwa huru na simba. Wenye kamera, wao, walikaa ndani ya kizimba. Mumesikia vizuri? Watu wazima wenye kazi yao ndani ya chuma, mtoto nje na mnyama. Sisi tunaotazama hatuoni kile chuma. Tunaona majani, jua, binti amelala juu ya tumbo la simba. Filme imefuta kitu ambacho kingemfundisha mtoto wetu kuliko hotuba yoyote.

Na Richardson huyo huyo, mwezi wa pili 2018, kabla filme haijatoka, alikuwa amewatembeza simba wake watatu ndani ya hifadhi ya Dinokeng. Mmoja alikimbia akifuata swala, mbali naye, akakutana na msichana wa miaka 22, akamuua. Sisemi hili kwa kumchafua mtu. Ninalisema juu ukimuuliza mtoto aliyetazama filme «simba anaweza kukuua?», atajibu: hapana, kama unamupenda. Mmoja wa kwangu alinijibu hivyo, bila kucheka.

Jambo linaloniuma zaidi ni lingine. Biashara ambayo filme inailaani inaanza wapi? Wengi wanafikiri inaanza na tajiri mwenye bunduki. Hapana. Inaanza na biberoni. Mtoto wa simba anaondolewa kwa mama yake akiwa wa siku chache, ili mama apate mimba tena haraka. Watalii wanalipa kumshika, kumnyonyesha, kupiga naye picha. Akikua kidogo, wanalipa kutembea naye. Akiwa mkubwa na hamuogopi mtu tena, anawekwa ndani ya ua ambamo hana pa kukimbilia, na mwindaji analipa. Mwisho, mifupa inasafirishwa kwenda Asia. Wakati huu Afrika Kusini iko na simba elfu kadhaa ndani ya nyua, hesabu zinazotajwa ni kati ya 8 000 na 12 000, kushinda wale wanaoishi huru porini kwao. Mwezi wa tano 2021 waziri Barbara Creecy alitangaza kwamba serikali inakubali kukomesha ufugaji huo wa kuwinda na wa kushikwa-shikwa.

Sasa rudieni filme. Sehemu tamu kuliko zote, ile ambayo watoto wanaomba irudiwe, ni ipi? Ni Mia na biberoni. Yaani filme inapiga vita mlango wa mwisho wa ile nyumba, huku inatukaribisha kwa tabasamu kwenye mlango wa kwanza. De Maistre si mjinga, tena naamini moyo wake ni safi, ile hasira dhidi ya wauza simba inaonekana ni ya kweli. Lakini kamera yake inapenda kile ambacho senario yake inakataza.

Mwisho wa filme nao ni wa haraka mno. Simba aliyelelewa mkononi, ambaye hajawahi kujiwindia, ambaye akiona mtu anamfuata badala ya kumkimbia, huwezi kumvusha ua ukasema: nenda, uko huru. Ndani ya pori kuna simba wengine wenye nchi yao. Simba waliocheza filme wenyewe hawakupewa mwisho huo, walibaki chini ya ulinzi wa Richardson. Hapo filme ilikuwa na ukweli mkononi, ikauficha.

Na kidogo juu ya Jodie, yule mama anayefanya kazi nyumbani kwa akina Mia. Mambo ya utakatifu wa simba mweupe ni ya watu weusi wa Timbavati na majirani zao, lakini ndani ya filme wao wanachangia hekaya tu, halafu wanarudi jikoni. Nchi ni yao, mtoto wa kuokoa simba anatoka London. Hilo tumelizoea, sitalikalia.

Kwa nini nawaandikia haya sisi wa Kivu? Juu kwetu hakuna simba mweupe, lakini mtoto wa sokomutu akiuzwa kando ya barabara tunamjua. Anakuwa mzuri, anashika kidole, mtoto analia «papa, tumununue». Nendeni Lwiro, pale Kabare, kwenye kituo kilichofunguliwa 2002: wengi wa wale mayatima walifika kwa njia hiyo, na kwa kawaida, ili umpate mtoto mmoja, mama yake anauawa kwanza. Kule Rumangabo nako, ngagi Ndakasi aliokotwa mwaka 2007 akiwa wa miezi miwili, ameshikilia maiti ya mama yake. André Bauma alimbeba kifuani kama mtoto wake. Alimpenda, hakuna ubishi, dunia nzima iliona ile picha ya mwezi wa tisa 2021, Ndakasi anakufa mikononi mwake. Miaka 14, na upendo wote ule haukuweza kumrudisha msituni. Ningependa siku moja mtu atutengenezee filme ya watoto kutoka hapo.

Kwa sasa, kama muko na mtoto wa kutazama naye, kuna nyingine ya Kifaransa, ya zamani kidogo: Le Renard et l'enfant, ya Luc Jacquet, 2007. Msichana anamfuata mbweha mlimani kwa miezi mingi, mpaka mbweha anamzoea. Halafu msichana anakosea, anamfungia ndani ya chumba chake, anataka awe wake. Mbweha anapandwa na wazimu, anavunja vitu, anaruka kupitia kioo cha dirisha. Watoto wa nyumbani walinyamaza kimya pale, hakuna aliyeomba irudiwe. Anzeni na hiyo. Ya Mia iwe ya pili, na kwenye biberoni simamisheni kidogo, muulize mama wa huyu simba yuko wapi.