Nusu ya nini? Lawama yangu kwa zoezi moja la darasa la sita

Bandugu wasomi, leo naweka mihogo pembeni. Nataka kukosoa zoezi moja la hesabu ya darasa la sita primeri, maana kasoro yake inatufuata mpaka mu lisansi.

Juma lililopita dada yangu mudogo, mwenye anajitayarisha kwa mutihani wa kumaliza primeri, aliniletea daftari lake huku analia. Zoezi lilisema: baba alilima 1/2 ya shamba moja na 1/3 ya shamba lingine, kwa jumla alilima sehemu gani? Yeye akajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini: 2/5. Akachorewa musalaba mwekundu. Jibu la kitabu ni 5/6.

Na mimi nilitaka kumukaripia. Wote tulifundishwa: tafuta namba ya chini yenye kufanana, 3/6 na 2/6, inatoka 5/6. Lakini kazi ya mashamba ikaniamusha. Nikamuuliza: "Ile mashamba mbili iko na ukubwa moja?" Akanijibu: "Yaya, kitabu haikusema."

Kasoro iko hapo. Tuseme shamba la kwanza ni ari 20, la pili ari 30. Nusu ya 20 ni ari 10. Theluthi ya 30 ni ari 10 pia. Baba alilima ari 20 kati ya ari 50: ni 2/5, lile jibu la musalaba! Sasa tuseme kila shamba ni ari 30. Alilima 15 na 10, jumla 25. Hiyo ni 5/6 ya shamba moja, lakini ya mashamba yote mawili ni 25 kati ya 60, yaani 5/12. Zoezi moja, majibu matatu, sababu kitabu kilimeza neno moja: ya nini?

Simutetei mutoto kabisa. Hakufikiria ari, alijumlisha ovyo, na njia ile itamuangusha. Nusu ya mukate na theluthi ya mukate uleule haiwezi kuwa 2/5, maana 2/5 ni ndogo kuliko nusu yenyewe. Simulaumu pia mwalimu, mwenye darasa lilijaa na vitabu havitoshi. Nalaumu ile namna ya kuweka kanuni mbele na kitu nyuma. Lakini lugha yetu inatusaidia: ukisema "nusu ya" halafu unyamaze, mwenye kukusikia atangoja.

Mutasema ni mambo ya watoto. Basi musikie. Mu staji yangu huko Kabare, niliambia mama wa kikundi kimoja: "Mutie nusu ya kopo ya urea kwa kila mustari." Mimi nilikuwa na kopo ndogo ya tomati mu kichwa. Wengine wakapima na kopo ya Guigoz, ile tunapimia maharagi. Urea nyingi karibu na shina inaunguza. Kisha siku chache, majani ya mahindi yao yakakauka. Mama mumoja hakunitukana, aliniuliza tu: "Injenieri, ulisema nusu ya kopo gani?" Nilikosa pa kuweka macho. Nilikuwa na alama nzuri za hesabu, lakini ile swali hakuna mutu alishaniuliza mu darasa.

Wengi wetu hapa tunangoja kazi huku tunasaidia watoto wa jirani mu masomo. Naomba kitu kimoja: mbele ya kanuni, mutoto aseme ni sehemu ya nini, achore hata chini mu vumbi, kisha ahesabu. Dada yangu alirudilia zoezi. Akaandika 5/6, na pembeni akaongeza: "ya shamba moja, kama yote mawili ni sawa." Sijui watamupa alama ngapi. Mimi ningemupa zote.

Na ninyi, mulifundishwa namna gani? Munisahihishe kama nilikosea.