Namba Moja Kisimani

Fundi wa kupima maji ya ardhini mtazame kabla hajateremsha chochote. Kwanza huuliza pampu ilizimwa saa ngapi, maana kisima kilichotoka kuvutwa hudanganya: maji yameshuka na bado yanapanda. Kisha hutafuta alama iliyochongwa kwenye mdomo wa bomba. Vipimo vyote vya kisima hicho, hata vya mafundi waliomtangulia, huanzia hapo. Ndipo utepe wenye sentimita unaposhuka, ncha yake ikigusa maji umeme unapita, kifaa kinalia. Haandiki mlio wa kwanza (wengi wetu tungeandika, tukaenda kunywa chai). Huinua kidogo, hushusha tena, mpaka namba zikubaliane.

Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, umakini huu una kazi. Mvua ni haba, na mito ya mchanga hukaa mikavu miezi mingi. Maji ya chini ya ardhi ukanda huu hubeba floraidi kutoka kwenye miamba. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita; ikizidi, meno ya watoto huwa ya kahawia, na kwa miaka mingi mifupa hukakamaa. Ulimi hauionji. Kwa hiyo fundi huacha kwanza maji yaliyolala bombani yatoke, hupima pH palepale kwa sababu hubadilika njiani, na sampuli ya floraidi huitia kwenye chupa ya plastiki, kwani floraidi huingiliana na kioo.

Utepe huohuo hutumika kuzunguka migodi ya makaa ya mawe ya chini ya ardhi, kama ule wa Kiwira kusini magharibi mwa Tanzania. Mgodi wa namna hiyo husukuma maji nje ili kazi ifanyike, na visima vya jirani vinaweza kushuka. Ukifungwa, maji hurudi yakipita kwenye miamba yenye chuma na salfa, na huweza kutoka na asidi. Asiyepima kabla ya kuchimba hana cha kulinganisha. Mwanakijiji atasema kisima kimekauka, kampuni itasema ni ukame, na hakuna wa kuwaamua.

Mimi hupenda zaidi safu ya mwisho ya daftari la fundi, ya maelezo: "pampu ya jirani inafanya kazi", "mfuniko umevunjika". Miaka kumi baadaye, mtu akikuta namba imeruka, ataanzia kusoma hapo.