Adabu Mbele ya Umeme wa Moyo

Sanaa nyingi za binadamu husifiwa kwa ukubwa wa alama ziachazo. Lakini zipo chache ambazo fahari yake ni kutoacha alama kabisa, na miongoni mwa hizo naihesabu kazi ya kunasa umeme wa tishu ya moyo iliyooteshwa maabara, ambayo fundi wake hutakiwa kuhudhuria, kupokea na kuandika, pasina kuongeza lake wala kukibughudhi kile akisikilizacho.

Adabu hiyo haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1887 Augustus Waller alidhihirisha, mjini London, kwamba umeme wa moyo wa mtu hupokeleka juu ya ngozi; kisha Willem Einthoven, huko Leiden, akaunasa kwa uzi mwembamba uliopakwa fedha na kutandazwa kati ya ncha za sumaku, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Walakini alichokinasa kilikuwa jumla ya seli zote, si habari ya seli moja. Habari hiyo waliipata Edouard Coraboeuf na Silvio Weidmann mwaka 1949, walipopenyeza bomba la kioo, lenye ncha isiyoonekana kwa macho matupu, ndani ya nyuzi za moyo wa mbwa, ikabainika kuwa seli iliyotulia hushikilia ndani yake upungufu wa milivolti 90 hivi kuliko nje. Ulikuwa umahiri mkubwa, ila gharama yake ililipwa kwa jeraha, maana seli iliyochomwa haikawii kudhoofika.

Leo, tangu Shinya Yamanaka wa Kyoto aonyeshe, mwaka 2006 kwa panya na 2007 kwa binadamu, kwamba seli za mwili uliokwisha kukomaa zaweza kurudishwa katika hali ya uchanga wake, wataalamu huziongoza seli hizo ziwe za moyo, nazo baada ya majuma machache hupiga zenyewe katika sahani, bila mwili wala neva ya kuziamuru. Hulazwa juu ya elektrodi ndogo zilizopangwa safu safu, njia ambayo mtafiti Thomas na wenzake waliijaribu mwaka 1972 kwa seli za moyo wa kifaranga. Bomba la kioo liliingia ndani bila hodi; elektrodi hukaa barazani, ikingoja mwenyeji aseme apendapo.

Kungoja huko kuna masharti. Joto halina budi kuwa nyuzi 37. Sahani iliyohamishwa huachwa itulie kwanza. Na chombo chote hukingwa kwa kizimba cha chuma, kwa kuwa umeme utokao kwenye tishu, ambao aghalabu haufiki hata milivolti chache, humezwa upesi na ule wa nyaya za ukutani. Fundi mzoefu huutambua huo wa ukutani kwa unyofu wake: hurudi mara 50 kwa sekunde pasipo kukosea, ilhali moyo ulio hai hauna pigo lililo sawasawa kabisa na jingine.

Hapo ndipo penye mtihani, kwani mashine huweza kuchuja makelele hayo ya umeme, na mwenye pupa huchuja hata mstari uchorwao ukapendeza. Lakini nyuma ya mruko mkubwa wa kila pigo hufuata wimbi dogo, pana na hafifu, liashirialo kurejea kwa seli katika utulivu. Mchujo uliozidi hulifuta, na kumbe ndilo litoalo onyo dawa inapojaribiwa juu ya tishu hiyo. Terfenadini, dawa ya mzio iliyoondolewa sokoni Marekani katika miaka ya 1990, iliweza kuvuruga mapigo hata kuua kwa sababu ilikawiza marejeo hayo hayo.

Basi ustadi huu wastahiki sifa si kwa wembamba wa ala zake, maana ala hununuliwa, bali kwa tabia unayoidai: fundi asiiguse seli kupita haja, wala asiusafishe ushahidi wake hata ukaafikiana na matakwa yake. Mgonjwa atakayemeza dawa iliyopimwa hivyo hatamjua, wala hana haja ya kumjua; yamtosha kwamba palipokuwa na hitilafu katika mstari, iliachwa ionekane.