Shimo la Katikati

Panda ngazi za ghorofa nyingi mpya za miji yetu, iwe Mukurweini, Karatina au Nyeri, saa sita mchana, na utakuta balbu inawaka. Chini kuna agroveti, M-Pesa na kinyozi, juu nyumba za kupanga. Katikati, mjenzi ameacha shimo la mita mbili ili jikoni na vyoo vipate hewa. Mwanga unaishia juu. Nguo zilizoanikwa humo Julai, wakati wa baridi na manyunyu, zinakaa siku tatu na bado zinanuka unyevu.

Shimo kama hilo, lakini pana zaidi, ndilo lililobeba wazo la jengo la Umoja wa Mataifa la Gigiri, Nairobi, lililofunguliwa Machi 2011 na Rais wa wakati huo Mwai Kibaki, jirani yetu wa Othaya, pamoja na Katibu Mkuu wa umoja huo wakati huo, Ban Ki-moon. Ni ofisi, si nyumba za kupanga, lakini somo lake linatuhusu. Wengi wanakumbuka paneli za jua zilizotandazwa juu ya paa, mita za mraba 6,000. Kwangu, kazi kubwa ilifanyika chini ya paneli hizo. Jengo lina vitalu vinne vilivyounganishwa, vyenye uwazi mpana katikati unaoingiza mwanga kutoka juu. Hewa safi inaingia madirishani, inapata joto la watu na mashine, inakuwa nyepesi, inapanda na kutokea juu bila feni kuisukuma. Wabunifu wake walipunguza kwanza haja ya stima, ndipo wakaliomba jua liitimize.

Sasa tupige hesabu ya kwetu. Shimo la ghorofa nne lina kina cha mita 12 hivi. Mukurweini iko kusini kidogo ya ikweta, na mwezi Juni jua la adhuhuri linaegemea kaskazini kwa nyuzi 24 hivi kutoka utosini. Shimo likiwa na mita 2 kutoka kaskazini hadi kusini, mwale unagonga ukuta mita nne na nusu tu chini ya ukingo. Panua hadi mita 5, na mwale uleule unashuka mita 11, karibu ufike sakafuni. Siku ya mawingu, mpangaji wa chini anategemea kipande cha anga anachokiona, nacho kimekuwa kikubwa zaidi.

Baridi yetu inadai badiliko moja. Uwazi ufunikwe kwa karatasi angavu, mvua isiingie na joto la mchana lisipotee lote upesi. Lakini karatasi hizo ziinuliwe, pembeni pabaki wazi daima. Mahali wanapopikia gesi na jiko la makaa, kuziba juu ni kuua watu.

Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 ataumia kutoa mita tano, na simlaumu, maana ni pesa za mkopo. Ila ukumbi wa giza na ngazi ambazo sasa zinakula nafasi ndani vinaweza kuhamia kwenye uwazi huo, upande mmoja tu, kwa reli ya vyuma badala ya ukuta wa mawe. Mchoro ukiwa bado mezani, weka rula kwenye shimo na upime kutoka kaskazini kwenda kusini, kabla fundi hajaitwa kumwaga zege.