Utamu wa Hadithi za Upelelezi

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe wafundisha watoto wema, nawe wafurahia kitabu cha mtu aliyeuawa. Furaha gani hiyo?" Swali lake ni la haki, nami napenda kulijibu.

Utamu wa kitabu hicho si damu. Mwandishi mwema huyataja mauaji kwa maneno machache, kisha hutugeuza macho tuwatazame walio hai: nani alikuwa wapi, nani alisema nini, nani alificha nini. Utamu ni kutafuta.

Lakini kutafuta kwataka haki. Mwaka 1929 padre Mwingereza, Ronald Knox, ambaye mwenyewe alitunga hadithi za namna hii, aliandika kanuni kumi za kazi hiyo. Mbili zanipendeza zaidi. Ya kwanza, kila dalili aionayo mpelelezi, msomaji naye aonyeshwe papo hapo. Ya pili, pepo na miujiza visiwe jibu la fumbo. Mwandishi akificha ufunguo mfukoni mwake hata sura ya mwisho, ametudanganya. Bali akiuweka wazi mbele yetu, nasi tukaupita bila kuuona, hapo twajicheka, twarudia kurasa za nyuma, twaona kwamba ulikuwapo tangu mwanzo.

Katika Kiswahili tunacho kitabu cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichopigwa chapa mwaka 1960. Jina lake lenyewe ni mtego, maana humvuta msomaji akadhani jibu liko kwa mzimu. Lakini Bwana Msa, mvuta kiko, haridhiki na hayo. Yeye huuliza, hupima, hungoja, kwani ajua kwamba mtu huuawa kwa mkono wa mtu, na mkono huacha alama.

Tena nina neno la kuungama. Niliposoma hadithi moja ya namna hii, nilimhukumu mzee mmoja tangu sura ya pili, kwa sababu ya ukali wake na upweke wake tu. Mwisho nikaona kwamba hana hatia, nikaona haya. Je, si ndivyo tufanyavyo vijijini? Kijana akifa ghafula, kidole huelekezwa kwa ajuza akaaye peke yake, wala hapana aulizaye ushahidi. Methali yasema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Hadithi njema ya upelelezi yatuonyesha kwamba lisemwalo huenda halipo kabisa, na aliyesemwa aweza kuangamia bure.

Basi mzee wangu, furaha yangu ndiyo hiyo: kuona kweli ikitoka gizani, na asiye na hatia akirudi kwake kwa amani. Soma nawe, na ukifika katikati, ujiulize umemshuku nani, na kwa sababu gani.