Muziki wa Filme Ingine: Unasaidia ao Unafunika?

Wandugu, leo tuongee kidogo juu ya filme. Tuchukue video moja ya vijana wetu wa hapa Boyoma: mama amepoteza mutoto, kamera inamukaribia, na mara inaingia ile filimbi ya Titanic. Watu wanacheka. Si kama mama anacheza vibaya. Ni juu kila mutu ameshaona ile meli inazama. Muziki umetupeleka kwenye filme ingine, na mama amebaki peke yake na kilio chake.

Wenye kutengeneza watajibu: hatuna makuta ya kulipa mutunzi. Ni kweli. Lakini kukopa muziki haiko kazi ya maskini tu, na haiko vibaya siku zote. Kuna mufano mumoja ambao unatugusa sisi Wakongomani.

Mwaka wa 1964, Mutaliano Pier Paolo Pasolini alitoa filme ya Yesu kufuatana na Injili ya Matayo. Kwenye sehemu ya askari wa Herode kuua watoto, alitia muziki ambao Murusi Sergei Prokofiev alitungia Alexander Nevsky, filme ya Eisenstein ya 1938. Sasa, kwenye ile filme ya Warusi pia wavamizi wanatupa watoto motoni. Mwenye kuiona zamani anasikia kilio mara mbili. Hapo kukopa kunaongeza kitu. Sisi wa agronomia tunajua: ukikata kipande cha muhogo ukipande kwingine, kinaenda na uzuri ao ugonjwa wa shamba la kwanza. Muziki wa filme ni vile vile.

Ndani ya filme hiyo hiyo, mwanzoni na tena wakati wa ufufuko, inaimba Gloria ya Misa Luba, sauti za watoto na walimu wa Kamina, kule Katanga, zilizorekodiwa mwaka wa 1958. Furaha yake inamutoa Yesu kwenye picha za kanisa tulizozoea. Miaka ine nyuma, mu 1968, Mwingereza Lindsay Anderson alichukua Sanctus ya misa hiyo kwa filme yake If...., juu ya wanafunzi wanaoasi masomo ya bweni. Kijana Mick anarudilia ile sahani kila mara. Filme ni nzuri, na wimbo unamufaa.

Lakini hapa niko na neno. Kwenye hizo filme mbili, hakuna kitu kinachomuambia mutazamaji Kamina ni nini. Jina lililojulikana zaidi ni la Padri Guido Haazen, Mubelgiji aliyeongoza kundi. Na kundi lenyewe liliitwa Troubadours ya Mufalme Baudouin! Sauti yetu ilizunguka dunia ikivaa jina la mufalme wa wengine. Sisi tuliotendewa vile, tutawatendea wengine namna gani? Ukikopa, andika jina la mutunzi kwenye jenerike, hata kama video ni ya dakika tano.

Tena tujiulize kama ni lazima kukopa. Dieudo Hamadi, mutoto wa Kisangani, mu 2020 alitoa En route pour le milliard, juu ya walioumia kwenye Vita ya Siku Sita ya 2000, wanaoshuka mto mpaka Kinshasa kudai haki yao. Anawaonyesha pia kwenye jukwaa, wakieleza ile vita kwa sauti na mwili wao wenyewe. Weka pale vinanda vya Hollywood, utawafunika wale watu.

Kwa hiyo ninyi munaofanya montaji, kabla ya kutafuta muziki, mutazame sehemu yenu bila sauti yoyote. Kama mama anaweza kutuliza bila filimbi, mumuachie nafasi. Kama inabaki pengo, ngoma za Walokele ziko papa hapa kando ya mto, na wapigaji wako na majina.