Mwalimu Mgeni na Maandishi Yaliyodharauliwa

Vitabu vya wageni juu ya Korea ya mwisho wa karne ya 19 ni vingi, na vingi vyafanana. Mgeni ashuka melini, aona mavazi meupe na kofia nyeusi zilizofumwa kwa singa za farasi, aingia Seoul, alalamikia uchafu wa njia, kisha atoa hukumu juu ya taifa zima. Isabella Bird, msafiri Mwingereza aliyefika huko mwaka 1894, alikuwa mkweli kuliko wengi. Katika kitabu chake cha mwaka 1898 akiri kwamba mwanzoni nchi hiyo haikumvutia hata kidogo, na kwamba aliwadhania wenyeji kuwa watu duni mpaka alipowaona wahamiaji wa Kikorea katika ardhi ya Urusi, wenye bidii na neema. Yaani ilimpasa atoke Korea ndipo awaone Wakorea.

Homer Hulbert hakuwa msafiri. Alikuwa kijana wa miaka 23 alipofika Seoul mwaka 1886, pamoja na Wamarekani wenzake George Gilmore na Dalzell Bunker, ili kufundisha katika Yugyeong Gongwon, shule iliyofunguliwa na mfalme Gojong kwa ajili ya vijana wa jamaa za wakubwa. Mwalimu hapati nafasi ya kushangaa mavazi siku nyingi, darasa lamngoja. Na darasa hilo lilikuwa na jambo la ajabu kuliko kofia. Vijana wale walikuwa wamelelewa katika Kichina cha kale, lugha ya mitihani ya serikali na ya nyaraka rasmi. Kumbe Kikorea kilikuwa na maandishi yake tangu mwaka 1446, herufi 28 zilizotangazwa na mfalme Sejong ili hata mtu wa kawaida aweze kusoma. Wakubwa waliyadharau, wakayaona yawafaa wanawake na watu wa chini.

Hulbert alijifunza herufi hizo, na baada ya miaka michache tu akatoa kitabu cha jiografia kilichoandikwa chote kwa herufi hizo, Saminpilji, jina lenye maana ya maarifa yawapasayo mabwana na raia. Dibaji yake yasikitika kwamba watu wana chombo chepesi mkononi nao wakidharau. Ni kurasa chache, lakini zapita sura nyingi za akina Bird, kwa kuwa asemalo mwandishi amelipima kwa kazi yake mwenyewe. Mwanafunzi hana kitabu. Basi kitabu kiandikwe, na kiandikwe kwa maandishi yatakayosomeka.

Hata hivyo dibaji hiyo ina upofu wake. Kwa kijana wa ukoo bora Kichina cha kale kilikuwa ngazi ya kupandia cheo, na miaka aliyoitumia humo ilikuwa mali. Mgeni hakupanda ngazi ile. Hakuwa na la kupoteza akiisukuma. Mzazi wa Lubumbashi alipaye karo ili mwanawe aseme Kifaransa hachukii Kiswahili cha nyumbani kwake. Ahesabu mshahara wa kesho. Hulbert aliiona dharau, asiione hesabu iliyo nyuma yake.

Miaka 20 baada ya kuwasili, katika kitabu kikubwa alichokitoa kwa Kiingereza mwaka 1906, ajaribu kueleza tabia ya Wakorea. Kitabu chatetea, kwa ushujaa, nchi iliyokwisha kutiwa chini ya himaya ya Japani mwaka 1905, na utetezi huo wastahili heshima. Lakini mwandishi asema kwamba hulka ya Mkorea iko katikati ya ile ya Mchina na ile ya Mjapani, kama vile nchi yake ilivyo katikati ya nchi zao. Hapo ramani imegeuka kuwa roho ya watu! Mwalimu aliyeona sawasawa alipokosa kitabu cha kufundishia arudia hapa desturi ya msafiri, tena baada ya kukaa muda mrefu. Kukaa peke yake, basi, hakukumponya.

Saminpilji nayo haikuepuka kasoro hiyo. Mataifa ya dunia yapangwa humo Ulaya kwanza, kisha Asia na Amerika, na Afrika yaja mwishoni. Mwandishi aliyewatetea Wakorea wasipimwe kwa macho ya mpita njia aliipokea daraja hiyo bila swali, akaipitisha darasani.

Shule ilifungwa mwaka 1894. Mwaka huo huo mitihani ya kale ilifutwa, na amri ya mfalme ikayafanya maandishi ya Kikorea kuwa msingi wa sheria na maagizo yote. Mwaka uliofuata, 1895, serikali iliyotoa amri hiyo ilichapisha Saminpilji upya, imefasiriwa kwa Kichina cha kale.